Barua ya wazi kwa wakuu wa shirika la ndege: tuambieni kipimo cha kiti kabla hamjachukua nauli

Unga Limited, Arusha

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa shirika la ndege lililonichukua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi Guangzhou, China, na kunirudisha

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga

YAH: VIPIMO VYA VITI VYENU, NA KITI NILICHOLIPIA NIKANYIMWA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka 22 nimetengeneza viti, meza na vitanda katika karakana yangu hapa eneo la Unga Limited, na kazi zangu nyingi zimekwenda kwenye hoteli na loji za huku kaskazini, kuanzia Usa River hadi Karatu. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayekuandikia kuhusu kiti ni mtu anayelisha familia yake kwa viti. Mteja akija kuagiza viti vya kulia chakula, kitu cha kwanza ninachoshika ni futi ya kupimia. Kiti cha kawaida cha mezani nakipandisha sentimita 45 kutoka sakafuni, meza sentimita 75, na zile 30 zinazobaki katikati ndizo zinazompa mtu nafasi ya kuingiza mapaja na kula kwa raha. Nikikosea sentimita mbili, mteja anakirudisha, na ana haki ya kukirudisha.

Kwenu nimerudi mara nne. Barua pepe ya kwanza niliituma siku tatu baada ya kutua KIA, mwanzoni mwa Mei. Nikapata jibu la mashine kwamba ujumbe umepokelewa na nitahudumiwa ndani ya siku saba. Ya pili niliambatanisha risiti na picha. Ya tatu ilijibiwa na mtu kabisa, akanishukuru kwa maoni yangu na kunitakia safari njema nyingine. Mara ya nne nilifunga karakana nusu siku nikaja ofisini kwenu hapa mjini. Binti wa kaunta alinisikiliza kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba mambo ya viti yako kwenye mfumo na yeye hana mamlaka na mfumo. Simlaumu hata kidogo. Aliyepanga viti vile si yeye, ndiyo maana nimeacha kumsumbua na nakuandikia wewe, mbele ya watu.

Jina la shirika nimeliacha kwa makusudi. Ninyi wenyewe mnajifahamu, na ninachotaka ni jambo hili lirekebishwe.

Sasa nieleze lilivyokuwa.

Mwezi Aprili nilikwenda Guangzhou kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara ambayo Wachina wamekuwa wakiyafanya tangu mwaka 1957, Aprili na Oktoba. Nilikuwa natafuta mashine ya kuranda na vifaa vya makabati. Nikapanda ndege yenu KIA, nikabadilisha kwenye kituo chenu kikuu, nikaingia ile ndege ya usiku, mwendo wa zaidi ya saa saba. Nilipewa kiti cha katikati. Nikakaa kama mtu anavyotakiwa kukaa, mgongo umegusa nyuma kabisa, na magoti yangu yote mawili yakagota kwenye kiti cha mbele. Chini ya kile kitambaa kuna chuma kinachokatiza kwa upana wa kiti, na mfupa wa goti langu la kulia ulikuwa umeegemea chuma hicho barabara.

Futi nilikuwa nayo begini, kwa ajili ya kupimia mashine. Nikamwomba radhi jirani yangu, nikapima. Kutoka mgongo wa kiti changu hadi nyuma ya kiti cha mbele, kwenye usawa wa goti, ni sentimita 65. Kutoka kiegemeo cha mkono cha safu yangu hadi sehemu ile ile ya kiegemeo cha safu ya mbele, sentimita 74, yaani kama inchi 29. Nikarudia mara mbili, kama ninavyowafundisha vijana wangu kabla hawajagusa msumeno. Niliporudi nyumbani mke wangu alinipima kwa futi ile ile, nimekaa mgongo ukutani: kutoka ukutani hadi ncha ya goti ni sentimita 67. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi tatu, lakini hapa Arusha na Moshi si mimi pekee mwenye urefu huo. Nenda Ngaramtoni siku ya soko ukawahesabu.

Zilikosekana sentimita mbili. Kwangu hizo ni unene wa ubao wa rafu, na ubao naweza kuuranda ukapungua. Paja la mtu haliwezekani. Basi nilikaa upande upande usiku kucha, magoti yote yameelekea kwa jirani, na yeye kwa uungwana wake akajibana dirishani. Abiria wa mbele alipolaza kiti chake, chuma kilinikandamiza zaidi. Asubuhi tulipotua, goti la kulia lilikuwa na alama nyekundu iliyonyooka kama mstari wa penseli kwenye ubao. Ilikaa siku tano. Picha yake mnayo, niliituma.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kipimo cha kiti mmekificha mpaka abiria awe ameshalipa na ameshaketi.

Kabla ya kukata tiketi nilipiga simu nikauliza swali moja: kati ya kiti na kiti kuna sentimita ngapi? Nikajibiwa kwamba viti vyenu ni vya kisasa na vya starehe. Nikauliza tena, nikajibiwa vile vile. Kwenye tovuti yenu nikakuta picha ya mama mmoja anatabasamu na mto shingoni, namba hakuna hata moja.

Na namba zenyewe zipo. Watu wa ndege hupima kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu hiyo hiyo ya kiti cha mbele, na huhesabu kwa inchi. Katika daraja la kawaida mashirika mengi duniani yako kati ya inchi 28 na 32. Mtu asiye fundi anaweza kuona kwamba inchi tatu nne ni kitu kidogo, lakini inchi tatu ni sentimita saba na nusu, na hizo ndizo zinazotenganisha goti linalopumua na goti lililobanwa. Isitoshe, kipimo hicho kinajumlisha unene wa mgongo wa kiti chenyewe. Inchi 29 zenye mgongo mwembamba, wenye sponji kidogo na mfuko wa magazeti uliopandishwa juu ya meza, zinaweza kumfaa mtu kuliko inchi 30 zenye mgongo mnene wa zamani. Ndiyo maana abiria anahitaji kujua yote mawili: umbali wa kiti hadi kiti, na nafasi halisi inayobaki mbele ya goti.

Upana nao ni hivyo hivyo. Boeing 787 mwanzoni ilifikiriwa kuwa na viti 8 kwa kila safu ya daraja la kawaida, na ndege ile ile ina upana wa kutosha kubana 9. Mashirika mengi yalichagua 9. Shirika la JAL la Japani limebaki na 8 katika ndege zake za aina hiyo zinazofanya safari za kimataifa. Boeing 777 nayo, kwa miaka mingi wengi waliweka viti 9 kwa safu, leo wengi wanaweka 10. Kwa hiyo abiria akiambiwa jina la ndege tu hajaambiwa kitu. Ndege ni moja, lakini kiti kinatofautiana kwa kadiri ya uamuzi wa mwenye ndege.

Linganisha na basi. Basi la kwenda Dar nalichagua kwa macho yangu. Nafika stendi, nachungulia kama viti ni viwili kwa viwili au vitatu kwa viwili, nikiwa na wasiwasi naomba kupanda nikae kidogo, magoti yasipoingia nashuka naenda basi la pili. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, nao wameyagawa mabasi kwa madaraja, na nauli inafuata daraja. Pampu ya mafuta inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mizani ya bucha inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, sawa na wa viazi kwingineko, wamepiga kelele miaka mingi dhidi ya lumbesa, na sheria ya vipimo iko upande wao, kwa sababu mnunuzi anayejaza gunia kupita kipimo anamwibia muuzaji. Tunajua katika nchi hii kwamba kipimo ni haki. Iweje kitu ninachokinunua kwa zaidi ya milioni mbili ndicho pekee nisichoruhusiwa kujua ukubwa wake?

2. Kiti nilicholipia sikupewa, na hela yangu haijarudi.

Baada ya usiku ule sikutaka kurudia. Nikiwa Guangzhou niliingia kwenye programu yenu nikalipa dola 70 za ziada kwa kiti cha safu ya mlango wa dharura kwa safari ya kurudi. Nilijua ninachonunua. Safu ile ina nafasi kwa sababu njia ya kwenda mlangoni haitakiwi kuzibwa. Meza yake inafichwa ndani ya kiegemeo cha mkono, hivyo kiegemeo hakinyanyuki na kiti kinapungua upana kidogo, na anayekaa pale lazima awe na nguvu na utayari wa kusaidia mlango ukihitajika kufunguliwa. Yote hayo niliyakubali.

Uwanjani nikakabidhiwa pasi ya kupandia yenye namba nyingine, safu ya nyuma, katikati tena. Dada wa kaunta akasema ndege imebadilishwa na mpangilio wa viti si ule. Nikamwonyesha risiti kwenye simu. Akaniambia nitaidai hela mtandaoni. Nikaingia ndani, na nilipokuwa napita kwenda nyuma nikaona ndege ile nayo ina safu ya mlango wa dharura, na watu wamekaa wamenyoosha miguu. Pengine nao walilipa kama mimi. Hakuna aliyenieleza wao walipatikanaje na mimi nikaachwaje. Huu ni mwezi wa Agosti na dola 70 zangu bado mnazo.

Katika karakana yangu, mteja akilipia kabati la mninga nikampa la paini, halafu nikakaa na tofauti ya bei miezi mitatu, majirani watanifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na watakuwa sahihi.

3. Miguu iliyobanwa kwa muda mrefu ni jambo la afya.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya mradi wake wa utafiti juu ya wasafiri na damu inayoganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Lilisema kwamba safari ya saa nne au zaidi, mtu akiwa amekaa bila kujongea, inaongeza hatari hiyo kama mara mbili, iwe ni kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Hatari yenyewe kwa mtu mzima wa afya ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000 kwa safari za aina hiyo, nami sitaki kumtisha mtu. Inapanda kwa warefu sana, kwa wafupi sana, kwa wanene na kwa wanaotumia baadhi ya dawa. Ushauri wa madaktari ni kuchezesha miguu, kuikunja na kuinyoosha. Nilipokuwa pale katikati nilijaribu kuufuata. Kisigino kilinyanyuka, goti likazuiwa na chuma.

Lakini hapa simzungumzii mtu mwenye afya yangu. Namzungumzia mama mmoja wa Marangu.

Tulipokaa kwenye ndege ya mwisho ya kurudi KIA, kiti cha njiani pembeni yangu alikuwa mama wa makamo ya mama yangu. Alikuwa ametoka India kufanyiwa upasuaji wa goti, daktari amemruhusu kusafiri. Mwanawe aliyemsindikiza alikuwa safu tatu mbele yetu, wametenganishwa na mfumo. Mama alikuwa ameutoa mguu njiani kwa sababu mbele haukuingia. Kitoroli cha chakula kilipopita alirudishiwa mguu ndani na mhudumu, kwa upole, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Hakupiga kelele. Alishika kitambaa cha kichwani akakiuma.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mama, geuka huku, weka mguu juu ya kiti changu."

"Na wewe utakaa wapi, mwanangu?"

"Nitasimama kule nyuma."

Nilisimama karibu na jiko la ndege, na wahudumu wenu, Mungu awabariki, waliniacha nisimame. Kila nilipokwenda kumwangalia alinionyesha kiti kwa mkono: "Kaa sasa, baba, umechoka." Nikamwambia miguu yangu haina mshono. Soksi yake ilikuwa imekata alama kwenye kifundo, mguu umevimba na ngozi inang'aa. Nilisimama hadi taa za mikanda zilipowaka tunashuka, na hapo ilibidi aukunje tena. Mwanawe aliniambia tukisubiri mizigo KIA kwamba waliomba mapema, kupitia wakala, wapewe kiti cha mbele chenye ukuta, kisicho na kiti kingine mbele yake. Wakajibiwa kwamba viti vile vinauzwa.

Ndugu Mkurugenzi, wapo wagonjwa wengi wa huku kaskazini wanaopita mikononi mwenu kwenda na kurudi kutibiwa nje. Hilo mnalijua, maana viti vya magurudumu mnavipanga kila siku.

4. Usalama.

Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu si fani yangu. Aina yoyote ya ndege kubwa ya abiria, kabla ya kuruhusiwa kubeba watu, lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Marekani, Bunge lao mwaka 2018 liliiagiza mamlaka yao ya anga iweke vipimo vya chini vya viti kwa ajili ya usalama. Majaribio yakafanywa mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, na mamlaka ikasema nafasi za viti vya sasa hazikuonekana kuchelewesha watu. Lakini waliojaribiwa walikuwa watu wazima wenye afya wa miaka 18 hadi 60. Mama wa Marangu hakuwemo. Mtoto hakuwemo, na mzee wa miaka 75 hakuwemo.

Sasa, najua mtakachonijibu, kwa sababu vingine nimeshajibiwa.

Mtasema nauli yenu ni nafuu. Ni kweli nililinganisha bei, na yenu ilikuwa chini kidogo. Mimi pia nina viti vya bei nafuu. Unafuu naupata kwenye mbao, natumia paini au saipresi badala ya mninga, naupata kwenye sponji, kitambaa na rangi. Sijawahi kuupata kwa kumpunguzia mteja mahali pa kukaa. Na hata kama ninyi mmeamua kuupata hapo, basi mwambieni mteja, achague mwenyewe kwa macho mawili. Kuna mtu wa futi tano na nusu ambaye inchi 29 zinamtosha kabisa na angefurahia kuokoa laki mbili. Mwacheni aokoe. Mimi niacheni niongeze.

Mtasema ndege imetengenezwa hivyo. Hapo mtanisamehe, maana niliinama nikaangalia. Viti vile vimefungwa kwenye reli za chuma zilizolazwa sakafuni kutoka mbele hadi nyuma, na reli zina matundu ya kufungia yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Kiti kinaweza kusogezwa mbele au nyuma na kufungwa upya. Aliyeijenga ndege aliweka reli. Idadi ya safu aliiamua mnunuzi, kwa idhini ya wakaguzi.

Mtasema anayetaka nafasi anunue daraja la biashara. Niliuliza bei yake kwa safari ile ile. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya nauli yangu. Kati ya sentimita 65 na kitanda cha kulala kuna mahali pengi pa kumweka binadamu.

Mtasema ndege hubadilishwa ghafla kwa sababu za kiufundi. Hilo nalikubali bila ubishi, na ni afadhali ndege ibadilishwe kuliko kupanda mbovu. Msumeno wangu nao huharibika siku ya kukabidhi kazi. Lakini msumeno ukiharibika narudisha malipo ya awali bila mteja kuniandikia barua nne. Mfumo uliojua kunikata dola 70 kwa sekunde chache unajua pia kwamba sikukaa pale.

Na mtasema hakuna sheria inayowalazimisha. Uingereza, mwaka 1989, iliweka kipimo cha chini kwa ndege zilizosajiliwa kwao: inchi 26, yaani sentimita 66, kutoka mgongo wa kiti hadi kiti cha mbele. Utafiti uliofanywa huko baadaye na kutolewa 2001 ukapendekeza kipandishwe hadi inchi 28.2, yaani kati ya sentimita 71 na 72, kwa kuwa watu wamerefuka na kunenepa. Ndege yenu haikusajiliwa Uingereza na sidai kwamba mlivunja sheria yao. Naeleza tu kwamba kile ambacho futi yangu ilisoma usiku ule, sentimita 65, kiko chini hata ya kile ambacho watu wengine walikiweka kuwa cha chini kabisa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Na kuhusu kutangaza kipimo, hakuna haja ya kusubiri sheria. Yapo mashirika makubwa yanayoweka inchi za kiti wazi kwenye tovuti zao, aina moja ya ndege baada ya nyingine, na hayajafilisika kwa ukweli huo.

Niseme pia kwa haki kwamba silalamikii safari fupi. Kutoka KIA hadi Dar ni saa moja na kidogo, mtu hujikunja akavumilia, na ukikumbuka siku nzima ya basi unashukuru. Nazungumzia safari za usiku mzima, ambako mtu anakaa, anakula na anajaribu kulala ndani ya nafasi hiyo moja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Mtangaze, kwa kila aina ya ndege mnayoitumia kutoka KIA na kuunganisha, umbali wa kiti hadi kiti, nafasi halisi mbele ya goti, na upana wa kiti. Kwa sentimita na kwa inchi, kwa Kiswahili pia, na mahali abiria anapoona bei, kabla hajalipa.

(b) Abiria aliyelipia kiti maalumu akakikosa, hela yake irudi yenyewe ndani ya siku 14, bila yeye kuomba.

(c) Katika kila safari ndefu mbakize viti vichache vya safu ya mbele yenye ukuta kwa abiria wenye barua ya daktari kuhusu mguu au nyonga, bila malipo ya ziada, na msiwatenganishe na wanaowasindikiza.

(d) Mnirudishie dola 70 zangu, na mnijibu kwa barua yenye sahihi ya mtu.

Kwa TCAA na Baraza la watumiaji, ombi langu ni moja: mlitazame suala la kipimo cha kiti kuandikwa kwenye tiketi, kama uzito wa mzigo unavyoandikwa. Kilo 23 za begi langu zinajulikana mpaka gramu. Nafasi ya mwenye begi nayo ijulikane.

Oktoba narudi Guangzhou. Safari hii tunakwenda mafundi watano, watatu wa hapa Unga Limited na wawili wa Moshi, na mmoja wa hao wa Moshi ananipita mimi kwa urefu. Tiketi tutakata katikati ya Septemba. Nimeyaandikia mashirika mengine matatu swali lile lile nililowauliza ninyi kwa simu. Moja limeshanijibu kwa namba, inchi 32 kwenye ndege za safari ndefu, pamoja na mchoro wa viti. Nimeuchapisha na kuubandika ukutani karakana, juu ya meza ya kuchorea, na wenzangu wanaupitia kila wakija. Pembeni yake nimeacha nafasi ya jibu lenu.

Naomba kuwasilisha.

Fundi seremala na abiria wenu,
Unga Limited, Arusha